Karoti nyeupe na ndugu zake wa mtaroni

Hotuba kwa wakulima wa bustani wanaozungumza Kiswahili, Reading, Uingereza, Jumamosi moja ya Aprili

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliopanda treni kutoka Slough na Oxford mvua yote hii.

Nianze na pilau, maana harufu yake imeshatufikia kutoka jikoni. Mama zetu waliopika leo wametia jira, wametia giligilani. Kwenye kachumbari wamekatia kotmiri. Nimeona na karoti zimekunwa. Vitu vinne hivyo ni vya ukoo mmoja. Ukiongeza shamari na seleri, bado uko ndani ya nyumba ileile. Mmea wa ukoo huu ukifika kutoa maua, shina lake hufika mahali likagawanyika vijiti vingi kwa pamoja, kama mbavu za mwavuli uliofunguliwa, na kila kijiti kina kimwavuli chake kidogo nchani. Ndiyo alama ya familia. Nenda kwenye kotmiri iliyokushinda kuvuna ikakomaa, utaiona.

Basi sisi tumeula ukoo huu tangu utotoni na haujatudhuru, na ndiyo sababu tunauamini. Na ndiyo sababu nimeomba nafasi hii. Hapa tulipo, ukoo huohuo una mboga ninayoipenda kuliko zote za nchi hii, na una mmea ambao mzizi wake unaweza kumuua mtu mzima siku hiyohiyo aliyoula. Mboga inaota kwenye tuta langu. Mmea ule unaota mtaroni, hatua arobaini kutoka kwenye tuta langu. Nimezihesabu.

Mboga yenyewe ni hii. Nimeichimba alfajiri ya leo, ni ya mwisho msimu huu. Waingereza wanaiita pasnipi, na wengi wetu tumezoea kusema karoti nyeupe. Ipitisheni mkononi. Itazameni pale juu: bega ni pana, katikati pamebonyea kama kikombe, na majani machanga yameanza kuchipua. Ikwangueni kidogo kwa ukucha, kisha mnuse. Harufu hiyo ya utamu wenye ukali kidogo, inayoelekea kwenye seleri na njugu, ikaeni nayo puani. Na angalieni kwamba ni mzizi mmoja tu, unaoshuka chini na kusinyaa kama mkia. Mmoja. Nitawaomba mlikumbuke neno hilo baadaye.

Mimi nimezaliwa Lushoto. Wanaotoka Tanga wanajua: kabichi, karoti na viazi vinashuka milimani kwa malori kwenda Dar es Salaam. Mama yangu alilima karoti, na mimi nimeng'oa karoti kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilipopata kishamba changu hapa nilidhani pasnipi itakuwa kazi ya mchezo. Mwaka wa kwanza haikuota hata moja. Mwaka wa pili ziliota tisa.

Kosa la kwanza lilikuwa mbegu. Mbegu ya pasnipi ni bapa na nyepesi kama ganda la kitunguu, na uhai wake ni mfupi mno. Ya mwaka jana tayari ni ya kubahatisha. Nilikuwa nimenunua pakiti mbili, moja nikaiweka kwenye droo kwa mwaka uliofuata, kama mama alivyoweka mbegu za maharage. Maharage yatakungoja. Pasnipi haikungoji. Nunueni mpya kila mwaka, na mkipanda chagueni siku isiyo na upepo, la sivyo nusu itakwenda kwa jirani.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Pakiti nyingi huandika kwamba unaweza kupanda tangu Februari. Udongo wa Februari hapa ni baridi na umelowa, mbegu inalala ndani yake mpaka inaoza. Ngojeni sasa, Aprili, hata mwanzo wa Mei. Hata kwenye udongo uliopata joto inachukua wiki tatu mpaka nne kuchomoza, na watu wengi hukata tamaa wiki ya pili wakapiga jembe juu yake. Mimi napanda figili nyekundu kwenye mstari uleule. Figili huota ndani ya wiki moja, inanionyesha mstari ulipo ili nipalilie bila kuumiza, na mpaka pasnipi ikue nimeshazila.

Mistari iachane sentimita 30. Katika mstari, kila sentimita 15 tia mbegu tatu, kina cha sentimita moja, zikishaota acha mche mmoja wenye nguvu. Usihamishe miche kutoka kwenye trei, maana mzizi ukiguswa tu unapinda. Na samadi mbichi usiitie kabisa. Hili mama alinifundisha Lushoto: karoti iliyopandwa kwenye samadi mbichi au mawe inaota miguu kama mtu. Pasnipi vilevile. Panda pale uliporutubisha kwa ajili ya zao la mwaka uliopita, na chimba udongo ulainike urefu wa jembe uma zima.

Wadudu wake ni inzi wa karoti, haohao. Funika kwa neti laini kama chandarua tangu siku ya kupanda. Kuna na ugonjwa wa kuoza bega, linakuwa na vidonda vya rangi ya kutu wakati wa vuli. Unapenda udongo wenye maji na asidi, kwa hiyo tia chokaa ikihitajika, na tafuta aina zinazouvumilia. Sina mengi zaidi hapo.

Lakini kuvuna, jamani, kuvuna ndiko kunakonifurahisha. Karoti ukiikawiza baridi itakuharibikia. Pasnipi unaiacha ardhini makusudi. Majani yake yananyauka Oktoba na Novemba, weka kijiti ukumbuke ilipo. Kisha inakuja ile asubuhi ambayo nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi na zinalia kama vigae chini ya buti. Baridi hiyo inaugeuza wanga ulio ndani ya mzizi kuwa sukari. Kabla sukari ya viazisukari haijaenea Ulaya, watu wa huku walitia utamu kwenye vyakula vyao kwa pasnipi, na kabla viazi mviringo havijafika kutoka Amerika, mzizi huu ulikuwa miongoni mwa vyakula vya kushibisha. Kateni vipande virefu, pakeni mafuta, jira kidogo na chumvi, okeni kwenye oveni mpaka kingo zigeuke kahawia. Mwanangu hali karoti, lakini hizi anagombea.

Sasa nije kwenye ndugu zake.

Pasnipi ya tuta langu na pasnipi mwitu iliyo kando ya barabara ni mmea mmoja. Hata jina la kisayansi ni moja, Pastinaca sativa. Tofauti yake ni malezi. Na ushahidi wa hilo uko katika mji huuhuu. Mwishoni mwa miaka ya 1840, profesa mmoja wa chuo cha kilimo cha Cirencester, James Buckman, alichukua mbegu za pasnipi mwitu kwenye vilima vya Cotswold. Mizizi ya mwitu ni myembamba na migumu. Alizipanda kwenye udongo uliotunzwa, akachagua mimea yenye mizizi minene, akapanda mbegu zake, akachagua tena, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1860 kampuni ya mbegu ya Suttons, iliyoanzishwa hapa Reading mwaka 1806, ikaanza kuuza aina iliyotokana na kazi ile. Wakaiita The Student. Mbegu za jina hilo zinauzwa mpaka leo. Mimi nikipita katikati ya mji nafikiria mifuko ile ikitoka hapa kwenda kila upande, na ndani yake kuna mmea ambao miaka michache nyuma ulikuwa gugu la mlimani.

Kama gugu linaweza kuwa mboga, mboga nayo inaweza kurudi kuwa gugu. Pasnipi ni ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza inaweka chakula mzizini, mwaka wa pili inapandisha shina na kutoa maua. Ukiisahau ardhini ikapita majira ya kuchipua, Juni inakuwa ndefu kuliko mimi, shina lenye mifereji, miavuli ya maua ya njano, na nyuki na inzi wa kila namna wanaishangilia. Ni nzuri sana. Nilikuwa na tatu za namna hiyo kiangazi kimoja, na nilipoona zinaanza kufunga mbegu nikaamua kuzifyeka zisisambae.

Ilikuwa Julai, saa sita mchana, jua kali la kuhesabika hapa Uingereza. Nilikunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko. Nilizikata kwa kisu, nikazikumbatia kwenye mkono wa kushoto kama mtu anayebeba mabua ya mahindi, nikazipeleka kwenye rundo la mboji. Utomvu ulinidondokea. Sikusikia kitu chochote. Hakuwashi, hakuchomi. Nilinawa mikono saa mbili baadaye.

Kesho yake hakuna kitu, labda joto kidogo. Siku ya pili usiku niliamka kwa maumivu. Asubuhi mkono huu ulikuwa na malengelenge kwa mistari mirefu, kama mtu aliyechapwa kwa fimbo ya moto. Nilikwenda kwenye kliniki, na nesi akaniuliza kama nimemwagikiwa na mafuta ya kukaangia. Aliniuliza mara mbili. Hakuwa na ubaya, ndivyo kidonda kilivyoonekana. Wekundu ambao wangeuona mapema kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi yangu haukuonekana, na mimi mwenyewe sikuujua. Yalipopasuka na kupona yaliacha mistari myeusi. Niliivaa mistari ile harusini kwa binamu yangu mwezi Desemba, na masika yaliyofuata bado ilikuwepo. Ukitazama hapa karibu na kifundo, mmoja unaonekana mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Utomvu wa pasnipi, majani na shina, una kemikali ambazo zenyewe zimelala. Zikiwa juu ya ngozi na mwanga wa jua ukazipiga, zinaamka na kuiunguza ngozi. Si mzio. Haichagui mtu. Unahitaji vitu viwili tu, utomvu na jua. Kwa hiyo punguzeni miche na kateni majani jioni au siku ya mawingu, vaeni glovu na mikono mirefu, na mkiguswa na utomvu nendeni mkaoshe papo hapo kwa sabuni na maji, kisha mfunike mahali hapo jua lisipaone kwa siku mbili. Msimpe mtoto bua la pasnipi achezee. Na kama mnatumia ile mashine ya kufyekea yenye uzi, jueni kwamba inarusha utomvu mpaka usoni. Ndugu zetu wa Kanada wanakutana na tatizo hilihili: pasnipi iliyopelekwa na wahamiaji wa Ulaya imetoroka mashambani, na mkoa wa Ontario umeiandika rasmi kuwa magugu hatari.

Kuna mwingine wa kuunguza namna hiyo, lakini kwa ukali uliozidi mara nyingi. Waingereza wanaliita giant hogweed, jitu lililoletwa kutoka milima ya Kaukasi karne ya 19 kuwa pambo la bustani za matajiri. Linafika mita tatu, hata tano, shina lina mabaka ya zambarau na manyoya magumu, mwavuli wa maua meupe mpana kuliko sinia. Linapenda kingo za mito. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kulipanda au kuliotesha porini. Mkiliona, msiliguse, piga picha na uite halmashauri.

Hayo ni ya ngozi. Sasa nisikilizeni kwa makini zaidi, hasa mama zangu.

Sisi tumelelewa kuchuma. Mnafu, mlenda, mchicha wa porini, kisamvu cha jirani. Bibi yangu alikuwa akirudi kutoka shambani na mboga ya jioni ndani ya kanga, na hakuna hata jani moja alilolipanda. Elimu ile ni mali na sitaki tuipoteze. Lakini ni elimu ya mimea ile, ya udongo ule. Haikuvuka bahari pamoja nasi.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi kama huu, bi mkubwa mmoja ambaye ana kishamba karibu na changu aliniita kwa furaha. Alikuwa ametoka mtaroni ameshika kitu kwa mikono miwili, kimeoshwa vizuri. "Mwanangu," akaniambia, "hizi karoti nyeupe zako zinaota bure kule chini." Nilitazama. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, yanang'aa, yamechanika kama kotmiri kubwa. Mizizi ilikuwa myeupe, minene, laini. Na ilikuwa mitano, imetoka kwenye shina moja, imening'inia pamoja kama unavyong'oa shina la muhogo. Mahali alipokata kwa kisu, maji yake yalikuwa yameanza kugeuka njano.

Pasnipi ni mzizi mmoja. Ile ni shada.

Nilimwambia, "Mama, naomba uweke chini." Sauti yangu nadhani ilimwogopesha, maana aliviachia vyote majanini. Nilimshika mkono tukaenda kunawa, tukaosha na kisu. Alikuwa amepanga kutia kwenye supu ya mbuzi siku ile, wajukuu wanakuja.

Waingereza wa zamani waliipa mizizi ile jina la vidole vya maiti. Jina lake la kisayansi ni Oenanthe crocata, na wataalamu wengi wanauhesabu kuwa mmea wenye sumu kali kuliko yote ya nchi hii. Unaota kwenye maji: mitaro, kingo za mito, madimbwi. Sumu imo mmea mzima, mizizini ndiko ilikozidi, na inashambulia ubongo, mtu anapatwa na degedege. Ubaya wake ni kwamba haina ladha mbaya, na harufu yake ni ya kupendeza. Kule Argyll, Uskochi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana waliokuwa likizoni walichimba mizizi hiyo wakidhani ni mboga ya majini wanayoifahamu, wakapika mchuzi. Kadhaa walilazwa hospitalini. Walipona, lakini walikuwa na bahati, maana mchuzi haukuimaliza sumu.

Wa tatu huenda mmemsikia shuleni. Mwaka 399 kabla ya Kristo, watu wa Athens walimhukumu mwanafalsafa Socrates kufa, na alichonyweshwa kilitokana na mmea wa ukoo huu, ambao Waingereza wanauita hemlock. Uko hapa, mwingi, kando ya barabara kuu na kwenye viwanja vilivyoachwa. Majani yake yamechanika kama ya karoti. Shina ni laini kabisa, halina nywele, lina madoa ya zambarau kama wino uliorushwa, na ukilivunja linanuka kama panya. Maua ni meupe. Karoti na majani yake yana vinywele, huu hauna.

Mtaniuliza, basi maua ya njano ni salama na meupe ni hatari? Hapana. Pasnipi ya njano iliniunguza mkono, na kotmiri yenye maua meupe tunaila. Rangi inasaidia kujua nani ni nani, lakini sasa hivi, Aprili, hakuna ua hata moja. Kuna majani machanga tu, na majani machanga ya ukoo huu yanafanana mno. Mimi mwenyewe nimejifunza miaka kumi na bado mengine siyachumi. Kanuni ya nyumbani kwangu ni kwamba mmea wa miavuli ambao sikuutia mbegu kwa mkono wangu hauingii jikoni. Hata ulioota wenyewe ndani ya tuta langu. Mbegu za mtaroni zinasafiri na maji.

Na ikitokea mtu amekula, piga 999 bila kungoja dalili. Usimtapishe. Chukua kipande cha mmea, kwa glovu, uende nacho hospitalini, kwa sababu daktari akijua ni mmea gani ameshaokoa muda mwingi. Kwa wale ambao Kiingereza kinawapa shida kwenye simu, jifunzeni sentensi moja tu ya kusema kwamba mtu amekula mmea wenye sumu. Nimeiandika kwenye karatasi zilizoko mlangoni, kwa herufi kubwa, pamoja na picha za majani yote manne.

Yule bi mkubwa yuko hapa leo. Ameketi mstari wa pili na ameniruhusu nisimulie. Mwaka ule nilimpa mbegu zangu, tukapanda pamoja tarehe 20 Aprili, na Desemba alinipigia simu asubuhi ya jalidi la kwanza akiwa ameshika jembe uma, anauliza kama aanze kuchimba au angoje wiki nyingine. Nikamwambia angoje. Akangoja siku mbili.

Bahasha za mbegu ziko mezani, ni za mwaka huu, kila familia ichukue moja. Mvua imekatika. Tukishakula, wanaotaka tutashuka pamoja mpaka mtaroni nikawaonyeshe ule mmea ulivyo sasa hivi, kwa macho tu. Mikono mirefu tafadhali, na watoto tuwashike.